Joka Halina Haraka

Nipponbashi, Osaka
14 Januari

Bi Suzu,

Najua hilo si jina lako la nyumbani, na huenda huko nyumbani hakuna anayelijua. Ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika jina la ndoa nililopewa na Togashi, mchoraji wetu, ambaye anasema bado mnatumiana kadi za mwaka mpya. Kama barua hii imefunguliwa na mtu mwingine, basi mimi ni Inukai Tatsuhiko, mtu wa heshima, natengeneza programu za kompyuta. Kama ni wewe, ni Inukai yule yule, tumbo tu ndilo limeongezeka.

Kaa chini kwanza. "Lango la Majivu" inafanywa katuni.

Sikutanii. Katuni ya televisheni, itaanza msimu wa baridi ujao. Ule mchezo wetu wa kompyuta uliokaa rafu ya nyuma ya pazia, wenye kasha lililopigwa muhuri wa watu wazima tu! Wale vijana waliokuwa wakiununua huku wameinamisha kofia wamekuwa wakubwa wa idara, na mmoja wao ndiye aliyenyanyua simu akanitafuta. Mambo ya kitandani yatakatwa yote, bila shaka. Sina kinyongo. Siku zote nimesema watu waliununua kwa ajili ya kitanda, wakaumaliza kwa ajili ya lango.

Na langoni alikuwa nani kama si Yurune wako, uliyempa sauti? Nchi imeungua, mfalme aliyeiunguza anataka kurudi, na mwanamke mmoja mwenye mkuki amesimama anamwambia hapiti mtu. Miaka ishirini na kitu imepita na bado napata barua za watu wazima wanaosema walilia pale.

Nataka uwe Yurune tena. Hakuna mwingine. Nipe namba yako ya simu tuzungumze.

Wako wa siku zile,
Inukai

*

Gotsu, mkoa wa Shimane
2 Februari

Mwalimu Inukai,

Naona bado nakuita mwalimu, kama tulivyokuwa tukikutania wakati ule unatufokea koma na nukta.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, theluji inaniingia shingoni, na nimecheka mpaka mume wangu akatoka kuangalia kuna nini. Jina lake ni Hidenori. Anachoma vigae vya mapaa, vile vyekundu vya huku kwetu. Mimi navipanga, navihesabia wateja, naandika ankara. Maisha yangu ni mazuri, mikono yangu tu ndiyo imekuwa kama ya baharia.

Hongera kwa moyo wote. Ulistahili jambo hili zamani. Lakini tafuta mtu mwingine. Sauti ile haipo tena.

Simu sipendi kutumia. Ukitaka kuniambia jambo, niandikie.

Mizoguchi Chinami

*

Osaka
11 Februari

Bi Mizoguchi,

"Sauti ile haipo tena." Umeandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika mimi. Nimeisoma mara nyingi, nami nimeielewa.

Suzu amezikwa. Mke wa mwenye tanuri, katika mji ambamo kila mtu anamjua kila mtu, hawezi kuwa na Suzu kabatini. Hata namba ya simu hutaki nijue, nisije nikakupigia mbele ya wageni. Sikulaumu. Dada yangu mwenyewe alipomwoza mwanawe alisahau kunialika, na mama alipokufa, kwenye mazishi, jamaa waliambiwa nafanya kazi "katika mitambo". Nimezoea.

Ila nakuambia ukweli, kwako nilitarajia kingine. Siku uliyomkatalia mfalme pale kwenye maikrofoni, Togashi alidondosha kalamu, nami nikasema kimoyomoyo, huyu hataona haya kamwe kuwa alikuwa nasi. Nilikosea. Basi.

Jihadhari na baridi.

Inukai

*

Gotsu
20 Februari

Inukai,

Mwalimu nimeondoa. Kwa leo hustahili.

Wewe una akili kweli? Mtu anakuandikia mistari minne, wewe unamtungia riwaya nzima, unamzika na kumwombolezea! Sasa nisikilize. Hidenori anajua tangu kabla hajanichumbia. Nilimweleza kwenye kibanda cha tambi pale stesheni ya Hamada, nikiwa nimeshajiandaa ainuke aondoke. Alimaliza mchuzi wake, akafuta mdomo, akaniuliza, "Kwa hiyo walikuwa wanakulipa uheme?" Nikasema ndiyo, pamoja na mengine. Akasema, "Mimi nahema kutwa mbele ya tanuri, na hakuna aliyewahi kunipa hata senti." Ndiyo siku niliyoamua huyu ndiye.

Jina la Suzu nililitwaa kwa kuwa kila mtu katika michezo ile alitwaa jina, na paka wetu alikuwa anaitwa hivyo. Hakuna siri nyingine. Nilikuwa msichana niliyekataliwa katika kila usaili Tokyo. Ninyi mlinisimamisha kwenye kabati la nguo lililozungushiwa magodoro, mkaniambia, haya, linda nchi. Hakuna kazi niliyoifanya kwa moyo kama ile. Hata zile pumzi nilizihema kwa ustadi, nami sizionei haya.

Nilisema sauti, Inukai. Sikusema aibu. Soma tena.

Na usiniandikie mpaka akili ikurudie.

Chinami

*

Tokyo, Nakano
6 Aprili

Shikamoo Bi Mizoguchi,

Samahani sana kukuandikia bila kujulishwa na mtu. Naitwa Awano Riko, ni mwigizaji wa sauti, kijana bado, mzaliwa wa Tochigi. Anwani yako nimempora Bwana Inukai. Nilimwona anaandika bahasha kwenye mkutano, nikaisoma kichwa chini miguu juu. Kisha bahasha yenyewe akaichana.

Mimi ndiye nimepewa Yurune katika katuni. Nilichaguliwa Desemba, na tangu Desemba silali vizuri. Nimecheza mchezo wenu mwanzo hadi mwisho (nimetimiza umri, usiwe na wasiwasi), na nilipofika langoni nilizima kompyuta nikakaa tu. Nikajiambia, kwa nini wamenipa mimi kitu ambacho tayari kipo?

Mwongozaji wetu wa sauti ni Bwana Kuge. Ni mzee mkali, anakula pipi za tangawizi mfululizo. Tumefanya mazoezi ya onyesho la mfalme, na kila mara ananiambia, "Awano, unalia na koo. Koo halina mkuki." Sielewi anataka nini. Nikipandisha hasira, anasema nimekuwa mbwa wa getini. Nikishusha, anasema nimekuwa mpokea wageni hotelini.

Kuna na jambo la pili, naona haya kulisema. Ofisi inayonisimamia imeniambia nikihojiwa nisitaje katuni imetokana na mchezo gani. Na mama yangu amesikia kwa jirani, akanipigia simu akilia. Wewe uliyabebaje haya?

Kama nimekosa adabu, ichome barua hii.

Awano Riko

*

Gotsu
15 Aprili

Marahaba, mwanangu Riko,

Huku tanuri lipo la kuchomea kila kitu, lakini barua yako nimeiweka.

Kuhusu mama yako. Mwambie aangalie kipindi cha kwanza akiwa ameketi na wewe, si na jirani. Kuhusu waandishi wa habari, wakikuuliza mchezo ulitoka wapi, sema ulitoka Osaka. Ni kweli tupu, na hakuna ofisi itakayokufukuza kwa kutaja Osaka.

Sasa mfalme. Kosa lako ni kwamba unamkasirikia. Yurune hasira zilimwisha zamani. Huyu mfalme ameshakuja langoni na jeshi, ameshakuja na zawadi, ameshakuja na machozi. Sasa amekuja mwenyewe, mikono mitupu, na Yurune amechoka kumjibu. Umewahi kumsikia mama aliyemwambia mtoto asubuhi, mchana na jioni avue viatu kabla ya kukanyaga mkeka? Ile mara ya mwisho hapazi sauti. Anasema tu, "Viatu." Na mtoto anavua! Hicho ndicho Bwana Kuge anachokitafuta.

Fanya hivi. Beba kitu kizito kwa mikono miwili, gunia la mchele ni zuri, kisha zungumza huku umekibeba. Mwili ukiwa na mzigo hauna nafasi ya kuigiza. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Ukiona sauti inataka kupanda, ishushie kwenye mikono.

Wala usiniige. Yurune wangu alikuwa wa sauti nyembamba inayokata. Wewe sijui yako ikoje, lakini mtu anayesoma bahasha za watu kichwa chini miguu juu hatashindwa kulinda lango.

Usipige simu. Andika.

Mizoguchi Chinami

*

Gotsu
15 Aprili

Bwana Inukai,

Nimepata barua ya msichana anayeitwa Awano. Amechaguliwa Desemba. Wewe ulinialika Januari.

Ulinipa kiti ambacho mtu alikuwa ameshakikalia. Kisha nilipokataa, ukanitukana kwa kukataa.

Sina zaidi.

Mizoguchi

*

Osaka
24 Aprili

Bi Mizoguchi,

Ni kweli. Sikuwa na mamlaka ya kukualika. Walipomchagua Awano sikuulizwa, niliarifiwa. Nikafikiri, nikimpata Suzu akubali, nikiwasikilizisha sauti yake kwenye meza ile, watabadili. Nilitaka kuja na wewe kama mtu anayekuja na jeshi. Ulipokataa, jeshi likaniishia, nami nikakutupia wewe hasira zilizokuwa zao.

Awano ana kipaji. Hilo nalo linanichoma, kwa sababu nilitaka sana awe mbovu.

Nikuambie na mengine, maana sasa sina cha kuficha. Mimi ndiye niliyetunga lango lile, lakini kwenye mikutano nakaa mwisho wa meza. Wanasema "maoni ya mwandishi wa awali" kisha wanaangalia saa. Wiki iliyopita wamependekeza mwisho ubadilishwe. Mfalme aingie, Yurune amsamehe, wapige picha ya jua linalochomoza. Nimechoka. Nimeandika barua ya kujitoa, iko mezani kwangu hapa. Jumatatu naipeleka. Jina langu walifute, wafanye wanachotaka.

Sikuombi unisamehe. Namba yangu ya simu naiweka hapo chini kwa mazoea tu, najua hutaitumia.

Inukai

*

Gotsu
3 Mei

Mwalimu,

Pole kwa mshtuko. Na mimi nipe pole, kwa sababu ulinikatia simu.

Nimemsimulia Hidenori mara nyingi, na kila mara anaomba nirudie. Nasema, "Inukai, usiipeleke hiyo barua." Wewe unasema, "Nani mwenzangu?" Nasema, "Yurune." Na wewe, kwa adabu kabisa, "Mzee, nadhani umekosea namba." Tup! Mara ya pili nilipopiga ukaniambia kwamba kama ni utani wa watu wa kamati ya katuni, nikome. Ilibidi nikutajie paka. Baada ya paka ndipo ulipoanza kulia.

Nilishindwa kukueleza vizuri, maana ukianza kulia wewe huwezi kusikia mtu. Nakuandikia sasa kwa utulivu.

Ilikuwa uvimbe kwenye tezi ya shingo. Ulikuwa umejizungusha kwenye mshipa wa fahamu unaotikisa sauti, kama mzabibu kwenye waya. Daktari aliniambia mapema, bila kunificha, kwamba akiutoa wote mshipa nao utaondoka. Nikamwambia autoe. Nilitaka kuishi, na sijajuta. Ni miaka mitatu sasa. Upande mmoja wa nyuzi za sauti haufungi, ndiyo maana inatoka hivyo, imepasuka, chini kabisa, na upepo ndani yake. Wateja wa vigae wakipiga simu wananiambia, "Mzee, mama yupo?" Zamani nilikuwa nasoma matangazo ya mji kwenye vipaza sauti vya mitaani, tahadhari za mafuriko, mbwa aliyepotea. Nikaacha. Sikumwaga chozi hospitalini, lakini siku waliyoweka mashine isome badala yangu, nililia.

Ndiyo maana sikutaka simu. Nilitaka mahali pamoja duniani, kichwani mwako tu, sauti ile iendelee kuwepo. Ulipokuwa unaniandikia, nilikuwa bado Yurune. Ni upumbavu, lakini ulikuwa mtamu.

Sasa barua ya kujitoa. Umeniahidi kwenye simu, lakini uliahidi huku unalia, kwa hiyo nakukumbusha. Ukitoka wewe, nani atabaki kusema mfalme haingii? Yule mtoto Riko anabeba gunia la mchele kila jioni kwa ajili ya onyesho hilo. Umwachie lango peke yake? Kaa mwisho wa meza. Wakiangalia saa, waache waangalie. Usipaze sauti. Sema tu, "Viatu." Riko atakueleza maana yake.

Chinami

*

Osaka
19 Mei

Bi Chinami,

Barua ya kujitoa nimeichana. Awano alinieleza habari ya viatu, na Jumatatu nikaenda nikakaa mwisho wa meza. Walipofika kwenye jua linalochomoza nikasema, taratibu, "Haingii." Wakaniambia watazamaji wanapenda msamaha. Nikasema, "Haingii." Wakaleta takwimu. Nikasema neno lile lile. Bwana Kuge, ambaye huwa anasinzia, akamung'unya pipi yake akasema, "Jamani, si amesema haingii?" Na ikawa imekwisha! Mfalme anabaki nje.

Sasa naomba usikasirike mpaka ufike mwisho.

Unalikumbuka joka? Lile linalolala chini ya lango, ambalo huzungumza na Yurune wakati hakuna mtu. Nililitungia maneno mkiwa mmeshamaliza kurekodi, kwa hiyo kwenye mchezo halikuwa na sauti, ni maandishi tu kwenye kioo cheusi. Katika katuni lazima lisikike. Kuge amesikiliza wanaume wengi, wote wenye vifua kama mapipa, na wote amewakataa. Anasema wananguruma. Joka hili halingurumi, anasema, limemeza majivu miaka mia na bado linampenda mtu mmoja.

Uliponipigia, kabla sijajua ni wewe, nywele zilinisimama. Nilidhani ni mzee kutoka kaburini, lakini mwema.

Si huruma hii. Nakuapia kwa tumbo langu lote.

Inukai

*

Gotsu
10 Juni

Mwalimu,

Nilikasirika kabla sijafika mwisho. Nikaitupa barua yako kwenye kikapu, nikaenda kupanga vigae, nikavunja viwili, nikarudi nikaiokota.

Unasema si huruma. Wewe hujui tofauti, kwa sababu wewe ni mtu wa huruma tangu zamani. Riko naye hajui, ananipenda. Kuge ndiye anayejua. Kwa hiyo nakupa masharti. Namtumia sauti yangu, bila jina, bila umri, bila hadithi ya ugonjwa. Wewe na Riko msifungue mdomo. Akiikataa, hatutalizungumza tena jambo hili, na utaendelea kuniandikia barua za kawaida za kulalamika.

Nimemwambia Hidenori. Hukujua hili, mume wangu ni mchezaji wa ngoma ya hekalu letu, na kila msimu wa mavuno anaingia ndani ya joka la mianzi na karatasi, analizungusha uwanjani mpaka watoto wanapiga mayowe. Anacheza joka tangu shuleni. Nikamsomea jikoni maneno ya joka uliyoambatisha. Akanisimamisha mstari wa kwanza.

"Mbona unakimbia?"

"Sikimbii, ndivyo ilivyoandikwa."

"Joka halina haraka, Chinami. Binadamu ndio wenye haraka, kwa sababu wanakufa. Wewe vuta pumzi kutoka mkiani. Ikifika kichwani, ndipo useme."

"Nina mkia gani mimi?"

"Mimi hubeba mita nyingi mgongoni na hujawahi kuniuliza swali hilo."

Tukarekodi kwenye banda la kukaushia vigae, kwa kuwa hakuna mwangwi, na mvua ya Juni ilikuwa imepumzika. Nilipofika pale joka linapomwambia Yurune, "Umesimama vya kutosha. Nenda ukaone bahari, mimi nitakuwa mlango," pumzi iliniishia katikati ya neno. Siku hizi huniishia hivyo, siwezi kusema sentensi ndefu. Nikataka kurudia. Hidenori akakataa. Alikuwa ameketi juu ya kreti, kofia mkononi.

Nimeituma leo. Sasa nahesabu vigae vile vile mara ya tatu.

Chinami

*

Tokyo
1 Julai

Shikamoo Mama,

Nakuita hivyo, usinikatalie.

Bwana Inukai amesema atakuandikia rasmi, lakini yeye kila akianza anafuta miwani, kwa hiyo nimemtangulia. Nilikuwepo! Nilikuwa nimekwenda kuchukua maandishi yangu, nikakuta Bwana Kuge anasikiliza sauti za usaili, akaniambia keti, wewe ndiye utakayezungumza na hilo joka. Bwana Inukai alikuwa pembeni, amejishika magoti.

Akacheza ya kwanza, akazima kabla ya mstari wa pili. Ya pili vile vile. Ya tatu akasema, "Huyu anauza magari." Kisha ikaja yako.

Mama, hakumung'unya. Pipi ilibaki shavuni. Ulipofika kwenye "nenda ukaone bahari" na pumzi ikakatika, akanyanyua kidole watu wasikohoe. Ikaisha. Akairudisha mwanzo. Ikaisha tena. Kisha akasema, "Nani huyu baba?"

Nilijibana mkono mpaka ukawa mwekundu. Bwana Inukai akasema kwa sauti ya panya, "Si baba." Kuge akasema, "Basi bibi. Wa miaka mingapi?" "Sina ruhusa ya kusema." "Yuko hai?" "Yuko hai sana." Kuge akamkodolea macho, akasema, "Hao wengine wanajifanya wameungua. Huyu anajua. Mleteni kabla hajapona!"

Hapo mimi na Bwana Inukai tukaangua kicheko na kilio pamoja, na mzee wa watu akadhani tumerukwa na akili. Tukamweleza yote. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu, kama safari ya treni haitakuchosha, maana huko kwenu ni mbali kuliko kwenda nchi za nje. Amepanga maonyesho ya joka yote yarekodiwe kwa siku zinazofuatana ili usije na kurudi. Sentensi ndefu amempa Bwana Inukai azikate. "Pale pumzi yake inapoishia," amesema, "ndipo pa kuweka nukta."

Mama yangu mzazi amekubali kuangalia kipindi cha kwanza. Amesema ataangalia akiwa anakunja nguo, ili isiwe kama ameangalia.

Njoo haraka. La, usiwe na haraka!

Riko

*

Ndani ya treni, kuelekea Gotsu
12 Septemba

Mwalimu,

Mkono unatikisika kwa sababu ya treni, usidhani ni uzee. Bahari iko dirishani, Hidenori amelala mdomo wazi, na kwenye paja langu kuna boksi la pipi za tangawizi nilizopewa na Kuge.

Uliondoka studio mapema kuwahi mkutano, kwa hiyo hukuona onyesho la mwisho. Nakusimulia.

Niliingia nikiwa naogopa. Sijasimama mbele ya maikrofoni ya kweli tangu lile kabati la magodoro. Wale vijana wote wakainuka kunisalimu, nami nilipojibu, wakatulia ghafla, kama watu wanavyotulia dukani siku hizi nikifungua mdomo. Nikajisemea, haya, yameanza. Kumbe wala. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Umesikia? Sauti hiyo!" kwa wivu. Wivu, Mwalimu! Nilitamani kuubusu uso wake.

Riko alisimama kushoto kwangu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana mabega ya kubeba mchele. Yurune wake si wangu hata kidogo. Wangu alikuwa kisu, wake ni mti. Nilipomsikia anamwambia mfalme hapiti, nilingoja nione kama moyo utaniuma. Uliuma kidogo, upande mmoja, kisha ukaacha.

Halafu zamu yangu. Nikavuta pumzi kutoka mkiani. Nikamwambia, "Umesimama vya kutosha." Nikasimama pale ulipoweka nukta. "Nenda ukaone bahari." Hapo Riko alitakiwa kujibu, "Na wewe?" Hakujibu. Nikageuka, nikamkuta amenikazia macho, karatasi imeshuka, amesahau kabisa kwamba ana la kusema. Nami sikujua la kufanya, nikaendelea kumtazama. Kimya kile kilikuwa kirefu. Ndipo akakumbuka, akasema, "Na wewe?", taratibu sana, kama ndiyo kwanza amelifikiria.

Akataka radhi, akaomba turudie. Kuge akasema kwenye kipaza sauti, "Mtu yeyote akiligusa onyesho hilo namfukuza." Ndivyo litakavyokwenda hewani, pamoja na kimya chake.

Walipotuletea karatasi ya majina ya waigizaji kuhakiki, langu walikuwa wameliandika Asagiri Suzu. Nililiangalia jina lile kwa mapenzi, lilinifanyia kazi nzuri. Nikalipiga mstari, nikaandika la kwangu.

Kuge ananitaka tena mwezi ujao, si kwa joka. Ana mchezo wa redio kuhusu mwanamke anayeendesha meli ya mizigo. Nilimwambia sijui lolote kuhusu meli. Akasema nitajifunza, ameshaandika jina langu. Hidenori ameanza kuuliza nani atalipangia tanuri vigae. Nimemwambia apange mwenyewe.

Stesheni yetu hiyo inakuja. Naacha hapa nimwamshe.

Mizoguchi Chinami